Kiamsha kinga kimegoma, au kimefaulu kupita kiasi: kutafuta kosa kwenye majaribio ya uvimbe wa panya

Umemchoma panya dawa ya kuamsha kinga, umesubiri, umepima, na jibu halieleweki. Pengine uvimbe umeendelea kukua kana kwamba hukufanya kitu. Pengine umepungua kwa kasi inayotia shaka. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au fundi wa maabara aliyekwama hapo, na unafuata dalili moja baada ya nyingine.

Kwanza tukubaliane kinachotakiwa kutokea. Viamsha kinga, kwa sehemu kubwa, haviui seli za saratani vyenyewe. Vinajifanya vijidudu. CpG ni vipande vya DNA vilivyofanana na vya bakteria, poli I:C inafanana na RNA ya virusi, LPS ni sehemu ya ganda la bakteria, na BCG ni bakteria hai waliodhoofishwa, ile ile chanjo anayochomwa mtoto mchanga Tanzania na Kenya. Seli za kinga zilizomo ndani ya uvimbe zina vipokezi vya kutambua vitu hivi. Kipokezi kikiguswa, makrofaji (seli zinazomeza vijidudu) humwaga TNF, protini ya kuashiria hatari; seli za dendriti hutoa intaferoni, protini nyingine ya kuashiria, huokota vipande vya uvimbe, huvipeleka kwenye tezi za limfu na kuvionyesha kwa seli T za CD8, zile zinazoua seli zilizoharibika.

Kwa hiyo uvimbe unaweza kufa kwa njia mbili, na kila njia ina saa yake. Ya kwanza ni ya mishipa ya damu. Mishipa inayolisha uvimbe inaharibika, damu inavujia ndani, na katikati panageuka peusi ndani ya saa 24 hivi. Murray Shear alieleza kitu cha aina hiyo mwaka 1943, baada ya kutenga kemikali kutoka kwa bakteria Serratia marcescens na kuwachoma panya wenye uvimbe. Mwaka 1975 kundi la Lloyd Old huko New York liliwapa panya BCG, likafuatisha LPS, kisha likachukua seramu yao na kuwachoma panya wengine. Uvimbe wa hao wengine ukaoza. Kilichokuwa ndani ya seramu ndicho walichokiita TNF. Njia ya pili ni ya seli T. Hiyo haina haraka. Huanza kuonekana baada ya takriban wiki moja, haina weusi wa kutisha, uvimbe unanywea tu.

Ningekuwa na amri, kila daftari la vipimo lingekuwa na safu mbili zaidi pembeni ya urefu na upana: rangi ya uvimbe, na saa tangu sindano ya mwisho. Nusu ya dalili zinazofuata zinatatuliwa na safu hizo mbili.

Dalili: uvimbe haukutikisika hata kidogo

Molekuli iwe ya mwisho kulaumiwa. Anza na panya: je, anacho kipokezi? Panya wa ukoo wa C3H/HeJ hawaitikii LPS hata kwa dozi inayoweza kuua panya wengine. Mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler, Dallas, lilionyesha kwa nini: kwenye TLR4 yao, yaani kipokezi cha LPS, asidi-amino ya 712 imebadilika kutoka prolini kuwa histidini. Badiliko moja tu, na kipokezi kizima kikawa kiziwi. Beutler alishiriki Nobeli ya 2011 kwa kazi hiyo. Kwako wewe maana yake ni kwamba kadi ya kizimba isomwe hadi herufi ya mwisho, kwa sababu C3H/HeN anaitikia LPS vizuri na C3H/HeJ haitikii, na kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Viamsha vya TLR8, kipokezi kingine cha ukoo huo, navyo huangukia hapa, maana TLR8 ya panya haiitikii kama ya binadamu. CpG ina mifuatano inayowafaa panya, kama 1826, na inayofaa seli za watu, kama 2006. Aliyeagiza aliuliza ni ya nani?

Panya akiwa sawa, geukia kichupa. Weka makrofaji aina ya RAW 264.7 kwenye sahani, wape dawa yako usiku mmoja, asubuhi pima TNF kwa ELISA, kipimo cha protini kinachotumia kingamwili. Kisima kimoja kiwe na LPS. LPS ikitoa TNF na dawa yako isitoe, basi imekufa au haikuyeyuka vizuri. Kwa viamsha vya STING, kipokezi kilicho ndani ya seli, pima intaferoni beta. Poli I:C ina ubishi wake: ni nyuzi mbili za RNA zilizoshikana, na ukiyeyusha unga wake kwa haraka bila kuupasha moto kidogo na kuuacha upoe taratibu mezani, nyuzi hazishikani sawasawa. Unachochoma kinakuwa na jina la poli I:C bila kazi yake. Na usirudishe kichupa kimoja kwenye friza kila siku, gawanya mapema.

Halafu mkono. Sindano ya ndani ya uvimbe inavuja kuliko watu wanavyokubali. Chukua panya aliyekwisha kufa kwa utaratibu wa kawaida, mchome rangi ya buluu kwenye uvimbe kwa namna unayochoma siku zote, kisha ukate uvimbe katikati. Mara nyingi rangi utaikuta chini ya ngozi, au inachuruzika kupitia tundu la sindano. Punguza ujazo hadi mikrolita 50 au chini, tumia sindano nyembamba, ingia kupitia ngozi ya pembeni badala ya juu ya uvimbe wenyewe, sukuma polepole, hesabu hadi kumi kabla ya kuchomoa.

Yote hayo yakiwa sawa, angalia ukubwa wa uvimbe siku ya kwanza ya dawa. Kazi bora kuhusu hili ni ya zamani. Miaka ya 1970 Berton Zbar na Herbert Rapp, Marekani, waliwachoma simbilisi BCG ndani ya uvimbe wa ini uliopandikizwa kwenye ngozi, wakaorodhesha masharti ya kupona: uvimbe uwe mdogo, BCG igusane na seli za saratani, bakteria hai wawe wa kutosha, na mnyama awe na uwezo wa kuitikia BCG. Mwaka 1976 Alvaro Morales wa Kingston, Kanada, alitangaza matokeo ya kuweka BCG kwenye kibofu cha wagonjwa wa saratani ya juujuu ya kibofu, na ukitazama utaona kibofu ni mahali panapotimiza masharti ya simbilisi karibu yote: uvimbe mwembamba, na dawa inaukalia moja kwa moja. Tiba hiyo inatumika hadi leo. Basi anza dawa uvimbe ukiwa milimita za ujazo 50 hadi 100, na usishangae ukianza na 500 ukaambulia patupu.

Aina ya uvimbe ni suala la mwisho hapa. B16-F10, saratani ya ngozi ya panya, inaficha MHC daraja la kwanza, protini zinazoonyesha vipande vya seli kwa seli T, kwa hiyo seli T zinapita bila kuiona. CT26, saratani ya utumbo mpana ya panya, inaonekana kirahisi zaidi. Dawa iliyoshindwa kwa B16 peke yake haijashindwa bado.

Dalili: siku ya pili uvimbe mweusi, siku ya kumi umerudi

Umeona njia ya mishipa, basi. Kata uvimbe, paka rangi, tazama kwenye hadubini: katikati pamekufa, ukingoni kuna ukanda mwembamba wa seli hai zinazolishwa na mishipa ya ngozi ya jirani, ambayo haikuguswa. Ukanda huo ndio utakaorudisha uvimbe wote.

Hapa ndipo watu wanapotangaza ushindi mapema, na kalipa, kifaa cha kupimia urefu na upana wa uvimbe, inawasaidia kujidanganya. Fomula ya kawaida ni urefu mara upana mara upana, gawa kwa mbili. Siku ya kwanza uvimbe umejaa maji, kwa hiyo namba inapanda. Siku ya nne gamba jeusi limekauka na kusinyaa, namba inashuka. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohesabu seli za saratani.

Kujua kama seli T zilishiriki, ziondoe. Kingamwili ya kuondoa CD8, kwa mfano kloni 2.43, itolewe kabla ya dawa na iendelee kutolewa, na damu ipimwe kuthibitisha kwamba seli zimetoweka kweli. Uvimbe ukipungua vilevile bila CD8, usiandike kwamba kinga ya seli T ndiyo iliyofanya kazi. Seli NK, seli nyingine za kinga zinazoua, nazo ziondoe kwa kingamwili ya PK136, lakini kwa C57BL/6 tu. BALB/c hawana alama ya NK1.1 ambayo PK136 inaishika, kwa hiyo kwao kingamwili hiyo haifanyi lolote. Watu hutumia ile ya asialo-GM1.

Dalili: hata panya waliochomwa maji ya chumvi tu, bila dawa, wanapona

Kinga yao inaukataa uvimbe kwa sababu zake. Mshukiwa mkuu ni uvimbe usio wa ukoo wa panya huyo. Sarcoma 180 ilitoka kwa panya weupe miaka mingi iliyopita na hupandikizwa kwa panya wa kila namna, ambao kinga yao huiona kama kiungo cha mgeni. Ndiyo iliyotumika mwaka 1969 Goro Chihara na wenzake walipotangaza lentinani, sukari ndefu kutoka kwa uyoga wa shiitake. Lentinani ilikuja kuidhinishwa Japani kusindikiza kemotherapi ya saratani ya tumbo, kwa hiyo sisemi ni bure. Ninachosema ni kwamba anayepima kiamsha kinga kwa uvimbe ambao panya tayari anaukataa anapima kusukuma gari linaloteremka mlima.

Washukiwa wengine ni wa haraka. Seli zilizotiwa lusiferasi, protini inayozifanya zing'ae, zina protini ngeni. Seli za dume zilizopandikizwa kwa jike, hasa C57BL/6, zina antijeni ya H-Y, yaani alama ya kiume ambayo kinga ya jike huiona ngeni. Seli zilizooteshwa miezi mingi mfululizo si zile ulizonunua. Na mikoplazma, bakteria wadogo wanaojificha kwenye seli za maabara: pima kwa PCR kabla ya kila jaribio, kwa sababu lipoproteini zake zinaamsha TLR2, yaani uvimbe wako umekuja na kiamsha kinga chake.

Dalili: kila unachochoma kinafanya kazi

Jani la mlonge limefanya kazi, gome la mwarobaini limefanya kazi, protini uliyotengeneza kwenye E. coli imefanya kazi, na bafa iliyopita kwenye safu ileile ya kusafishia imefanya kazi pia. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokuambia ukweli. Una endotoksini.

Ni LPS iliyoachwa na bakteria kwenye maji, kwenye majani, kwenye chupa. Inapita kwenye kichujio cha mikroni 0.22, inavumilia otoklevu ya nyuzi 121, pombe haiitoi. Vyombo vya kioo vinataka tanuri kavu la nyuzi 250 kwa dakika 30. Makrofaji wa panya wanaamka kwa kiasi kidogo sana, na TNF wanayotoa ni TNF halisi. Kipimo chako hakidanganyi, ila kinajibu swali ambalo hukuuliza.

Kipimo cha kawaida ni LAL, kinachotokana na damu ya mnyama wa baharini anayeitwa Limulus. Lakini ukifanya kazi na uyoga, hamira au nafaka, tahadhari: beta-glukani nazo huiamsha LAL kupitia njia ya faktari G, na utapata jibu chanya la uongo. Tumia kipimo cha faktari C ya kutengenezwa, ambacho hakina njia hiyo ya pembeni. Kisha weka polimiksini B, inayofunga LPS; nguvu ya dondoo ikitoweka, ilikuwa endotoksini. Kwa protini, ichemshe: protini huharibika, LPS hubaki, kwa hiyo kilichochemshwa kikiendelea kuamsha makrofaji, unajua kilichokuwemo. Na yule C3H/HeJ aliyekuangusha kwenye dalili ya kwanza sasa ni msaada mkubwa. Dawa ikifanya kazi kwa C3H/HeN na kugoma kwake, huna haja ya kuuliza zaidi.

Mimi nikikutana na makala ya dondoo la mmea linaloamsha makrofaji ambayo haitaji endotoksini hata mara moja, sifiki kwenye majedwali.

Dalili: panya wanajikunyata, manyoya yamesimama, uzito unashuka

Dawa imetoka kwenye uvimbe na kuingia kwenye damu. Molekuli ndogo kama resikwimodi, kiamsha cha TLR7, husambaa mwilini upesi hata ukizichoma ndani ya uvimbe. Punguza dozi, au tumia iliyofungwa kwenye chembe za mafuta au alumu ili ibaki mahali. Pima uzito kila siku. Asilimia 20 ikipotea, kwa kanuni za kamati nyingi za maadili, jaribio la panya huyo limeisha. Usichanganye BCG na LPS bila kufikiri: panya aliyetangulizwa BCG anakuwa mwepesi mno kwa LPS, na dozi aliyoivumilia jana inaweza kumuua.

Dozi kubwa ina hasara nyingine isiyoonekana kwa macho. Viamsha vya STING vikizidi, huua hata seli T zilizomo ndani ya uvimbe. Uvimbe uliochomwa unatoweka vizuri, lakini kumbukumbu ya kinga haibaki. Wapandikize panya waliopona seli zilezile upande mwingine baada ya mwezi au miwili. Wakiota uvimbe, ulichoma nyingi.

Dalili: ilifaulu mwanzo wa mwaka, sasa imegoma, na hukubadilisha kitu

Ulibadilisha, ila hukujua. Muulize mtunza vizimba kabla ya kumuuliza profesa.

Joto: maabara nyingi huwaweka panya kwenye nyuzi 20 hadi 22, ambapo panya anahisi baridi na anatumia nguvu zake kujipasha. Watafiti wa Roswell Park, Buffalo, walionyesha mwaka 2013 kwamba kwenye nyuzi 30 uvimbe ulikua polepole zaidi, na seli T ndizo zilizoleta tofauti. Kiyoyozi kilichotengenezwa mwezi uliopita kinaweza kuwa jibu lako.

Bakteria wa tumboni: mwaka 2015 kundi la Thomas Gajewski, Chicago, lililinganisha panya wa C57BL/6 kutoka kwa wafugaji wawili, Jackson na Taconic. Uvimbe wa B16 ulikua kwa kasi tofauti, na tofauti ikafutika walipowekwa kizimba kimoja, kwa kuwa panya hula kinyesi cha wenzao. Miaka miwili nyuma yake ilishaonyeshwa kwamba panya waliopewa antibiotiki hujibu vibaya tiba ya CpG. Makrofaji wao walitoa TNF kidogo. Uliza kama kuna aliyetia antibiotiki kwenye maji. Hutiwa kwa nia njema, na hakuna anayeandika.

Na hata nani anaingia chumbani: mwaka 2014 watafiti wa Montreal walionyesha kwamba harufu ya wanaume, hata ya fulana zao, huwatia panya msongo. Kama zamu zimebadilika, andika.

Dalili: sindano ya kwanza kali, ya tatu baridi

Kuzoea. Kipokezi kikiguswa mfululizo, seli hujifunga. Kwa LPS jambo hili linajulikana siku nyingi, na viamsha vya TLR7 navyo ni hivyo hivyo. Acha siku kadhaa kati ya sindano. Kama TNF na intaferoni bado zinapanda baada ya sindano ya tatu lakini uvimbe hausikii, tazama PD-L1, protini inayobonyeza PD-1, breki ya seli T: intaferoni yenyewe huipandisha juu ya seli za saratani, na seli T hukutana na breki. Kingamwili dhidi ya PD-1 ndiyo hatua inayofuata.

Dalili: uvimbe uliochomwa umetoweka, wa upande wa pili hauna habari

Ama dawa yako ilifanya kazi ya mishipa tu, rudi kwenye dalili ya pili. Ama seli T zilizofunzwa ni chache. Kundi la Ronald Levy, Stanford, mwaka 2018 lilichoma CpG pamoja na kingamwili ya kuamsha OX40, kipokezi kinachochochea seli T, ndani ya uvimbe mmoja wa limfoma, na panya 87 kati ya 90 wakapona kabisa, pamoja na uvimbe wa mbali. Hakikisha pia uvimbe wa pande mbili ni wa aina moja. Kwenye kazi hiyo hiyo, panya waliokuwa na limfoma pamoja na saratani ya utumbo mpana walipochomwa kwenye limfoma, limfoma zilitoweka na ile ya utumbo ikaendelea kukua. Seli T hufuata antijeni walizoonyeshwa.

Dalili: panya wote wamepona, seli za binadamu hazijali

DMXAA ilitoka Auckland, New Zealand. Kwa panya ilikuwa ya ajabu: uvimbe mweusi kesho yake, mishipa imekufa, na wengi walipona moja kwa moja. Ilipelekwa kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, zaidi ya 1,000 katika jaribio la awamu ya tatu, na mwaka 2010 jaribio likasimamishwa kwa kuwa haikuongeza chochote. Miaka michache baadaye ikabainika kwamba DMXAA inashika STING ya panya na haishiki ya binadamu. Ukibadilisha asidi-amino moja tu ya STING ya binadamu, ya 162, inaanza kuitikia.

CpG nayo ina tofauti yake: kwa panya TLR9 iko kwenye makrofaji na seli za dendriti za aina nyingi, wakati kwa binadamu iko hasa kwenye seli B na seli za dendriti za plazimasitoidi. Dawa ileile inapiga milango michache kwa mtu na mingi zaidi kwa panya.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza kundi la pili la panya, chukua damu ya wachangiaji wa kujitolea, tenga seli nyeupe, weka dawa yako jioni, asubuhi pima intaferoni. Wachangiaji wawe kadhaa, si mmoja, kwa sababu STING ya binadamu ina matoleo yanayorithiwa, na lile la H232 huitikia baadhi ya viamsha kwa unyonge. Zikiitika, panya waliotiwa jeni la STING ya binadamu wapo, na fedha ya kuwanunua sasa ina sababu.